Slaidi Zilizochujuka na Jinsi ya Kuzirudishia Rangi

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa somo, nami nimeona niandike juu ya kazi niliyoifanya wakati wa likizo: kuzirudishia rangi slaidi za zamani kwa kutumia kompyuta. Kazi yenyewe ina fizikia kidogo, hesabu kidogo, na Kiswahili kingi kuliko nilivyodhani. Mwenye sanduku la picha kuukuu nyumbani kwao na alisome somo hili hadi mwisho, kisha ajaribu mwenyewe.

Slaidi ni nini?

Wengi wetu wa umri huu hatujapata kushika slaidi. Ni kipande cha filamu chenye picha ya rangi, upana milimita 36 na kimo milimita 24, kilichobanwa katika fremu ya karatasi ngumu au plastiki ya sentimita 5 kwa 5. Haitazamwi kama picha ya karatasi. Hupitishwa mwanga kwa projekta, na picha ikatokea kubwa ukutani au kwenye shuka jeupe. Wageni wengi waliotembelea Malindi na Watamu katika miaka ya 1960 na 1970 walipenda kupiga picha za aina hii.

Marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa mashua ya kupeleka wageni kutazama samaki katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ile iliyotengwa mwaka 1968. Mgeni mmoja aliporudi kwao alimtumia babu slaidi 23 kwa posta. Ahsante yake ilikuwa nzuri, lakini nyumbani hapakuwa na projekta. Basi zikakaa ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya kabati, chini ya bati, miaka na miaka.

Nilipoufungua mkebe ule, slaidi 21 zilikuwa nyekundu tupu, kana kwamba natazama dunia kupitia chupa ya Vimto. Mbili tu ndizo zilizokuwa na rangi zake, nazo ni za feri ya Kilifi, iliyokuwa ikivusha watu na magari kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Katika zile nyekundu imo moja ya bibi yangu akiwa msichana, amesimama ufuoni, na nyuma yake inaonekana nguzo ya Vasco da Gama. Bibi hana picha nyingine ya ujana wake. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kujifunza kazi hii.

Kwa nini zimekuwa nyekundu?

Hapa ndipo penye fizikia. Filamu ya rangi ina tabaka tatu nyembamba za jelatini, na kila tabaka ina rangi yake. Ya kwanza ni saiani, yaani samawati iliyochanganyika na kijani kama maji ya Watamu saa sita mchana. Ya pili ni majenta, kama ua la bogonvilia. Ya tatu ni manjano. Kila moja ni mlinzi wa mlango mmoja: saiani huzuia mwanga mwekundu, majenta huzuia mwanga wa kijani, na manjano huzuia mwanga wa buluu.

Rangi hizi tatu hazizeeki sawa. Katika filamu nyingi za zamani, slaidi ikiwekwa gizani mahali penye joto, saiani ndiyo hutangulia kuchujuka. Mlinzi wa mwanga mwekundu akishaondoka, mwanga mwekundu hupita hata pale ulipopaswa kuzuiwa. Si kwamba wekundu umeongezeka. Kilichopungua ni kile kilichokuwa kikiuzuia. Mtu akilielewa jambo hili moja, kazi yote iliyobaki ni nyepesi.

Mbona basi zile mbili za feri hazikuharibika? Nilitazama fremu zake nikakuta zimeandikwa Kodachrome, na nyingi za zile nyekundu zimeandikwa Ektachrome. Zote ni filamu za kampuni ya Kodak, lakini zilitengenezwa kwa njia mbili tofauti. Kodachrome ilianza kuuzwa mwaka 1935, na rangi zake ziliingizwa wakati filamu inaoshwa. Ektachrome ilikuwa na viini vya rangi ndani yake tangu kiwandani. Gizani Kodachrome hudumu sana, ingawa mwanga wa projekta huiumiza haraka. Ektachrome za miaka ile ndizo zinazogeuka nyekundu makabatini. Kodak iliacha kutengeneza Kodachrome mwaka 2009.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Tumia kipulizia cha mpira na brashi laini sana. Usitumie maji, usitumie mate, wala usifute kwa upindo wa kanga. Upande usiong'aa sana ndio wenye jelatini, nao hukwaruzika kwa urahisi.

Hatua ya pili ni kuskani. Skana ya kawaida ya ofisini haifai, maana slaidi yataka mwanga upite ndani yake. Inatakiwa skana yenye taa kwenye kifuniko, au ile ya filamu hasa. Ukiweka nukta 2,400 kwa inchi, utapata picha ya nukta zaidi ya milioni 7, nazo zatosha kuchapisha ukubwa wa daftari. Asiye na skana aweke slaidi juu ya skrini nyeupe ya simu, aiinue sentimita chache ili vijinukta vya skrini visionekane, kisha aipige kwa kamera nzuri.

Zingatia jambo moja hapa. Zima kila kinachoitwa urekebishaji wa moja kwa moja, na uhifadhi faili ya TIFF yenye biti 16 kwa kila rangi. Biti 8 zina viwango 256 tu, na biti 16 zina viwango 65,536. Tutakuja kuzivuta rangi kama mtu avutaye mpira. Ukiwa na viwango vichache, picha itachanika mistari mistari angani. Mimi sikulijua hili mwanzoni. Nilipeleka slaidi kwenye duka moja la picha, nikarudishiwa nakala ndogo zilizokwisha kurembwa na mashine, ikanibidi nianze upya.

Skana nyingine zina taa ya infraredi ya kuondoa vumbi. Mwanga huo hupita kwenye rangi lakini huzuiwa na vumbi, ndivyo mashine inavyojua vumbi liko wapi. Kwa Ektachrome hufanya kazi vizuri. Kwa Kodachrome mara nyingi hukosea, kwa sababu rangi zake huzuia sehemu ya mwanga huo, na mashine ikadhani ni uchafu.

Hatua ya tatu ni kutoa nakala. Faili ya kwanza usiiguse kamwe. Fanya kazi juu ya nakala.

Hatua ya nne ndiyo moyo wa somo. Nilitumia programu ya GIMP, ambayo ni ya bure, na ambayo tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inaweza kushughulikia biti 16. Kwanza kata pambizo zote nyeusi za fremu, maana zitakudanganya. Kisha fungua chombo kilichoandikwa Levels. Utaona grafu kama kilima. Usiivute grafu ya jumla. Chagua chaneli moja moja: nyekundu, kijani, buluu.

Katika picha ya bibi, chaneli nyekundu ilianzia 110 na kuishia 250. Yaani hata pale penye kivuli cheusi kabisa, wekundu ulikuwa 110! Kijani ilianzia 15 hadi 219, na buluu 30 hadi 200. Kazi yetu ni kuirudisha kila chaneli ianzie 0 na kuishia 255. Kompyuta hutumia hesabu hii:

kiwango kipya = (kiwango cha zamani – cha chini) × 255 ÷ (cha juu – cha chini)

Hebu tuchukue nukta moja kwenye jiwe la tumbawe. Kwenye skani ilikuwa nyekundu 180, kijani 117, buluu 115, yaani jiwe la waridi. Nani amepata kuona jiwe la namna hiyo hapa kwetu? Sasa tupige hesabu:

Nyekundu: (180 – 110) × 255 ÷ 140 = 127.5
Kijani: (117 – 15) × 255 ÷ 204 = 127.5
Buluu: (115 – 30) × 255 ÷ 170 = 127.5

Zote tatu zimelingana, na rangi tatu zikilingana tunapata kijivu. Jiwe limerudi kuwa jiwe. Si kila nukta itakuja sawasawa hivi. Pale zisipolingana, kuna kidude cha katikati cha kusogeza kidogo kidogo.

Bahari ya rangi gani?

Sasa nirudi kwenye zile nakala za dukani, kwa sababu kosa lake lina mafunzo. Mashine ilikuwa imenitolea bahari ya buluu safi kama ya kalenda za hoteli. Nami nikafurahi, nikamkimbilia bibi nikimwonyesha.

"Shikamoo bibi, hebu jione!"

Bibi akavaa miwani, akatazama sana. Kisha akasema, "Marahaba. Huyu ni mimi, lakini hii bahari ni ya wapi, mume wangu?" Ndivyo aniitavyo, utani wa bibi na mjukuu. "Siku hiyo ilikuwa kaskazi na Sabaki imejaa. Maji yalikuwa mekundu mpaka hapo miguuni. Babuyo hata hakwenda kazini, wageni wangeona samaki gani?"

Kumbe bibi alisema kweli, na jiografia inamuunga mkono. Mto Athi hutoka nyanda za juu, ukakutana na Tsavo ukawa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Humwaga maji yake kaskazini tu mwa mji wa Malindi, umebeba udongo mwekundu wa bara. Wakati wa kusi udongo huo husukumwa kaskazini, kuelekea Ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi husukumwa kusini, ukaja mbele ya mji wetu. Nikaitazama fremu ya slaidi, nikaona muhuri wa FEB 74. Muhuri huonyesha mwezi filamu ilipooshwa, si siku ya kupigwa picha, lakini unakubaliana na majira ya kaskazi.

Mbona mashine ilikosea? Kwa sababu programu nyingi za kujirekebisha hudhani kwamba picha yoyote, ukiichanganya rangi zake zote pamoja, hutoa kijivu. Ikiona picha imejaa rangi ya udongo, hudhani ni kasoro, ikaifuta. Mashine haijui Sabaki. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya tano, kwa hiyo, ni kutafuta shahidi: kitu ndani ya picha ambacho unajua rangi yake ya kweli. Kizuri zaidi ni kitu cheupe au cha kijivu. Mimi nilitumia ile nguzo nyeupe. Nilichagua upande unaopigwa na jua lakini usioungua hadi 255, kwa sababu upande wa kivuli hupata ubuluu wa anga. Kitu cheupe cha jioni pia si shahidi mwema, maana jua la machweo hukitia umanjano. Nilipoifanya nguzo iwe nyeupe, bahari ikatokea yenyewe rangi ya chai ya maziwa, bila mimi kuigusa. Nikajua hapo kwamba tumefika.

Kanga ya damu ya mzee

Hatua ya sita ni kumuuliza mwenye picha. Kanga aliyojifunga bibi ilitokea zambarau. Nikamuuliza. Akasema, "La, ile ilikuwa damu ya mzee."

Wanachama wa Kiswahili, mnaona utajiri huu? Rangi zetu nyingi zimepewa majina ya vitu. Majivu yametupa kijivu, majani yametupa kijani, kahawa imetupa kahawia. Kuna maji ya kunde, na kuna damu ya mzee, ule wekundu mzito unaokaribia weusi. Anayesema "damu ya mzee" amekupa kipimo: nyekundu ya kiasi, kijani kidogo sana, buluu kidogo sana. Lakini kumbukumbu ya mtu nayo yaweza kukosea baada ya miaka mingi, kwa hiyo nikasita.

Bibi akafungua kasha lake, akaitoa kanga yenyewe. Masikini, nayo ilikuwa imechujuka kwa kufuliwa, imebaki waridi. Tukafumua nyuzi za upindo kidogo. Ndani ya upindo, pasipofikiwa na jua, palikuwa na damu ya mzee, mbichi kama jana.

Nikarudi kwenye kompyuta na kufikiri. Zambarau ni nyekundu iliyozidiwa na buluu. Buluu imezidi kwa sababu tabaka la manjano nalo limechujuka kiasi, hasa penye rangi nzito. Nikatumia chombo cha Curves, nikaishusha buluu sehemu za giza tu na kuziacha za mwanga. Kanga ikakubali, na nguzo ikabaki nyeupe.

Jambo la mwisho ni uso. Kompyuta ya dukani ilikuwa imemweupesha bibi. Yapo mambo ya kihistoria hapa. Tangu miaka ya 1950, Kodak ilikuwa ikigawa kwa maabara kadi za picha ya mwanamke mzungu ili wapimie rangi ya ngozi. Zikaitwa kadi za Shirley. Kwa hiyo nyuso nyeusi mara nyingi zilitoka giza, bila kuonekana vizuri. Dawa yake ni kuinua vivuli kidogo ili macho na tabasamu vionekane, bila kuibadilisha ngozi yenyewe. Bibi mwenyewe aliniambia, "Usinipake weupe. Nilikuwa mweusi hivi hivi, na babuyo alinitaka hivi hivi."

Yasiyorudi

Si kila kitu hurudi. Slaidi moja, ya mashua ya babu, imeliwa na kuvu, na jelatini yenyewe imetoboka palipokuwa uso wake. Kuna programu zinazoweza kuchora uso mwingine hapo ukadhani ni wa kweli. Nimeliacha tundu lilivyo. Uso utakaochorwa na mashine hautakuwa wa babu.

Labda mtu atasema, picha ni pambo tu, kuna haja gani ya kubishania rangi? Nitamjibu kwa kisa cha hapa kwetu. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimikia nduguze waliofariki. Punde vigango hivyo viliibiwa. Baadaye vilipatikana katika majumba ya makumbusho ya vyuo vikuu viwili huko Marekani, na ile picha ikawa ushahidi. Vilirudishwa Kenya, na mwaka 2007 vikapokewa nyumbani. Vigango huvishwa vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi, na kila rangi ina maana yake. Picha ni shahidi. Anayeirembua hadi ikasema uongo ameharibu shahidi.

Mwisho, slaidi zenyewe msizitupe kwa kuwa zimekwisha ingia kompyutani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta huharibika, na kesho huenda zikaja skana bora zaidi. Ziwekeni mahali pakavu na pa baridi kadiri iwezekanavyo, mbali na bati, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyonyonya unyevu. Andikeni pia pembeni majina ya watu, mahali, na rangi za nguo zao, maadamu wapo wa kuwaeleza.

Picha ya bibi sasa imetundikwa sebuleni. Bahari yake ni ya matope, na wageni huuliza kama imeharibika. Bibi huwajibu, "Hiyo ndiyo Malindi."

Maswali ya kujipima

1. Chaneli nyekundu ya slaidi fulani inaanzia 90 na kuishia 240. Nukta iliyokuwa 165 itakuwa ngapi baada ya kuvutwa?
2. Eleza kwa nini saiani ikichujuka picha huwa nyekundu na si buluu.
3. Taja majina matano ya rangi ya Kiswahili yaliyotokana na vitu, na ueleze kila kitu.
4. Tafuta picha moja kuukuu nyumbani. Kabla ya kugusa kompyuta, mwulize mzee aliyekuwepo rangi za vitu vitatu vilivyomo, uandike majibu yake.

(Jibu la swali la kwanza ni 127.5, yaani 128. Mengine mtaulizana chamani.)

Kwaherini hadi toleo lijalo, Mungu akipenda.